Daktari Aliyemwita Mume Kutoka Nje



Leo tuanze na swali ambalo akina baba wengi hawapendi kuulizwa. Siku ile mkeo aliposhikwa na uchungu wa uzazi, wewe ulikuwa wapi? Wengine watajibu kwamba walikuwa kwenye benchi nje ya wadi. Wengine walikuwa kazini, na wengine walipata habari kesho yake asubuhi kwamba mtoto amezaliwa. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba kuzaa ni shauri la wanawake, na mwanamume akikaribia anavunja adabu.

Kwa sababu hiyo tunataka kuwasimulia maisha ya daktari mmoja Mfaransa, Fernand Lamaze. Huenda mmewahi kulisikia jina lake kliniki, maana mpaka leo mafunzo ya kupumua wakati wa kujifungua huitwa kwa jina lake. Lakini ni wachache wanaojua jinsi alivyoyapata, na kwa nini Baba Mtakatifu mwenyewe alilazimika kuyatolea neno.

Lamaze alizaliwa mwaka 1891 mashariki mwa Ufaransa. Alisomea udaktari, akawa mkunga wa kiume, kama tungesema kwa lugha ya nyumbani, na akafanya kazi hiyo jijini Paris kwa miaka mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mkuu wa hospitali ya uzazi iliyoitwa Bluets. Haikuwa hospitali ya matajiri. Ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na waliokwenda kujifungulia hapo walikuwa hasa wake wa mafundi.

Siku hizo mama aliyejifungua alikuwa na njia mbili tu. Ama alivumilia na kulia mpaka mwisho, ama, kama alikuwa na uwezo, alipewa dawa ya kumlaza na kuamka mtoto ameshazaliwa. Mumewe hakuruhusiwa kuingia. Wengi waliona ndivyo Mungu alivyopanga tangu Hawa alipofukuzwa bustanini.

Basi mwaka 1951 Lamaze, akiwa karibu kutimiza miaka 60, alikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na madaktari wenzake. Huko Leningrad alimwona mama akijifungua bila dawa yoyote. Mama yule hakupiga kelele wala hakuwashika wauguzi kwa hofu. Kila uchungu ulipokuja alipumua kama alivyofundishwa, ukapita, akapumzika, akangoja mwingine. Lamaze alikuwa ameshuhudia watoto wengi mno wakizaliwa, lakini jambo kama hilo hakuwa ameliona. Aliona afadhali kuwa mwanafunzi tena uzeeni kuliko kurudi kwao akijifanya hakuona kitu.

Je, siri ilikuwa nini? Madaktari wa huko, kama Velvovsky na Nikolaev, walikuwa wamefuata mafundisho ya mwanasayansi Pavlov. Huyu ndiye aliyeonyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kupewa chakula, mwishowe mate humtoka kwa kuisikia sauti ile tu. Madaktari wale wakasema kwamba hata mwanamke hufundishwa bila kujua. Tangu usichana anasikia habari za kutisha: fulani alikaribia kufa, fulani alilia siku mbili. Siku yake ikifika, kila tumbo linapokaza akili yake inapokea habari moja tu, hatari! Basi, wakasema, kama hofu hufundishwa, utulivu nao hufundishwa. Kabla yao daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alikuwa ameandika jambo linalokaribiana na hilo katika kitabu chake cha mwaka 1933. Alieleza kwamba hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huumia zaidi, na maumivu hayo huzaa hofu nyingine.

Lamaze aliporudi Paris hakukawia. Kuanzia mwaka 1952 akina mama wa Bluets walipewa masomo katika miezi ya mwisho ya mimba. Walielezwa kwa lugha nyepesi jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka, kwa nini tumbo linakaza na kulegea, na mtoto anapita wapi. Walifundishwa kulegeza mikono, mabega na miguu wakati tumbo la uzazi linafanya kazi yake. Walifundishwa kupumua, polepole mwanzoni, kisha haraka na kwa wepesi uchungu unapozidi.

Hapo ndipo alipoongeza jambo ambalo halikuwako kule alikojifunza. Katika hospitali za uzazi za Urusi mume alibaki nje kabisa. Lamaze alimwita ndani. Fundi wa kiwandani, mikono yake ikiwa bado na alama za kazi, alikuja kusoma pamoja na mkewe. Alijifunza mazoezi yale ili amsaidie nyumbani, na siku ilipofika alikaa kando ya kitanda, akimkumbusha kupumua na kumpangusa jasho. Hebu fikiri, mpendwa msomaji, jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni wakati ule!

Upinzani haukukosekana. Madaktari wengine walimcheka. Wengine walikataa kwa kuwa elimu hiyo ilitoka kwa Wakomunisti, na hospitali yenyewe ilikuwa ya chama chenye siasa hizo. Waamini nao waliingiwa na wasiwasi. Je, si Kitabu cha Mwanzo kinachosema kwamba mwanamke atazaa kwa uchungu? Anayetafuta kuupunguza si anapingana na Mungu?

Tarehe 8 Januari 1956, Baba Mtakatifu Pius XII alizungumza na madaktari huko Roma juu ya jambo hilihili. Alifafanua kwamba njia hiyo, ikichunguzwa yenyewe, haina kosa lolote kimaadili. Alieleza kwamba Mungu alipomwadhibu Hawa hakuwakataza akina mama kutumia njia halali za kurahisisha uzazi, kama vile wanadamu hawakukatazwa kuupunguza uzito wa kazi. Na kuhusu asili yake, alionyesha kwamba ukweli wa kisayansi haugeuki uongo kwa sababu aliyeugundua hana imani. Wala hakumpuuza mama ambaye bado anaumia. Maumivu yasiyoepukika, alifundisha, mama Mkristo anaweza kuyapokea na kuyaunganisha na msalaba.

Hivyo daktari wa hospitali ya Wakomunisti na Papa wa Roma wakakutana mahali pamoja: kando ya kitanda cha mama anayejifungua.

Lamaze hakuishi kuona mbegu yake ikikua. Alifariki Machi 1957. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Kifaransa juu ya daktari anayefundisha njia hiyo kijijini. Mwaka 1959 Mmarekani Marjorie Karmel, aliyekuwa amejifungua Paris chini ya uangalizi wa Lamaze, aliandika kitabu cha kumshukuru. Mwaka uliofuata yeye na Elisabeth Bing walianzisha chama cha kueneza mafunzo hayo Marekani, na kutoka huko yakafika nchi nyingi.

Tusimfanye Lamaze malaika, lakini. Njia yake iliitwa uzazi bila uchungu, na jina hilo liliahidi kupita kiasi. Wako akina mama waliofanya kila walichofundishwa, na bado wakaumia sana. Wengine waliona aibu, kana kwamba wameshindwa mtihani. Hapo mafunzo yaligeuka mzigo. Wanaoyaendeleza leo wamerekebisha mengi. Hawahimizi tena kupumua haraka haraka, maana kunaweza kuleta kizunguzungu. Hufundisha pumzi ya polepole, na hawamhukumu mama anayelia. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bwana, usimwambie mkeo kwamba fulani alizaa bila kelele!

Basi ninyi wawili mnaongojea mtoto, mfanye nini? Kwanza, jifunzeni mapema. Mama anapokwenda kliniki, baba afuatane naye angalau mara moja, na muulize maswali bila haya. Ulizeni pia kama hospitali inaruhusu mtu wa kukaa na mama, maana mahali pengi wadi ni ya pamoja na wanawake wengine wanahitaji sitara. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Uchunguzi umeonyesha kwamba mama asiyeachwa peke yake kwa kawaida hukaa na uchungu muda mfupi zaidi, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua. Kama baba hawezi kuingia, au mama mwenyewe hapendi, basi awe dada, mama mzazi au jirani mwenye moyo.

Pili, fanyeni mazoezi jioni, baada ya sala ya familia. Mama alale ubavu. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo, huku akilegeza mabega na taya. Baba amguse begani au mkononi aone kama kweli amelegea. Mazoezi ya siku moja hayatoshi. Yakirudiwa, mwili huyazoea.

Tatu, siku yenyewe, mama asilazwe chali muda wote kama hakuna sababu ya kitabibu. Atembee, aegemee ukuta, apige magoti, ainame akimshika mumewe shingoni. Uchungu ukimshika mgongoni, mume aweke kiganja chini ya kiuno na kukandamiza kwa nguvu mpaka upite. Bibi zetu waliijua kazi hii. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni, mafunda ya maji ya kunywa kama mkunga ameruhusu, na sauti ya upole, hayo yote ni tiba. Mama akiomba dawa ya maumivu, na iko, asizuiwe wala asionewe haya.

Lakini sikilizeni vizuri: pumzi na kukandwa mgongo havichukui nafasi ya mkunga. Mama akitokwa na damu nyingi, akipatwa na degedege, akiumwa kichwa sana na macho kufifia, au mtoto akiacha kucheza tumboni, msikae nyumbani mkipumua. Kimbilieni hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya harusi mliahidiana uaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Chumba cha kujifungulia ni mahali pamoja pa kuitimiza ahadi hiyo. Mume hawezi kubeba uchungu wa mkewe. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba haubebi peke yake. Hilo ndilo lililomfanya Lamaze afungue mlango ambao wenziwe waliufunga.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, baba amwulize mama swali hili: safari iliyopita, au hii inayokuja, ni jambo gani lililokutia hofu? Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Mungu azibariki nyumba zenu na watoto mnaowangojea.