Earl Sutherland, daktari aliyemgundua mjumbe wa ndani ya seli

Kahawa inayolimwa kwenye milima ya Gitega na Muyinga humwondolea mnywaji usingizi. Siri yake imo katika namna seli za neva zinavyopokea ujumbe, na njia ya kuifahamu siri hiyo ilifunguliwa na daktari Mmarekani, Earl Wilbur Sutherland.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1915 katika mji mdogo wa Burlingame, jimbo la Kansas, ambako baba yake alikuwa na duka. Alisoma chuo huku akifanya kazi hospitalini ili kujikimu. Mwaka 1942 alihitimu udaktari mjini St. Louis, kisha akalitumikia jeshi la nchi yake katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliporejea ilimbidi achague kati ya kutibu wagonjwa na kufanya utafiti. Alichagua utafiti, akarudi katika maabara ya mwalimu wake, Carl Cori.

Swali lililomshughulisha lilihusu adrenalini, homoni inayomwagika katika damu mtu anaposhtuka: huliamrishaje ini litoe sukari? Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa homoni haifanyi kazi seli ikishapondwa. Mjini Cleveland, Sutherland na mwenzake Theodore Rall walizisaga seli za ini na kuona kinyume chake. Adrenalini ilipokutana na vipande vya utando wa seli, ilitokea kemikali ndogo iliyoifikisha amri ndani. Kemikali hiyo ni AMP ya duara. Homoni ni mjumbe wa kwanza, anayebisha mlangoni. AMP ya duara ni mjumbe wa pili, anayezunguka ndani ya nyumba.

Wengi walitia shaka. Kemikali moja ingewezaje kubeba amri za homoni nyingi? Jibu ni kwamba kila seli ina vipokezi vyake na kazi yake: mjumbe yuleyule huliambia ini litoe sukari, na moyo uongeze nguvu. Mwaka 1971 Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, peke yake.

Hakuishi kuona mwisho wa safari hiyo. Alifariki mjini Miami tarehe 9 Machi 1974, akiwa na umri wa miaka 58. Martin Rodbell na Alfred Gilman walipata Nobel mwaka 1994 kwa kuigundua protini G, inayosimama kati ya kipokezi na kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya duara. Paul Greengard aliipata mwaka 2000 kwa kuonyesha njia hiyo ndani ya neva: dopamini hukigusa kipokezi, kipokezi huiamsha protini G, AMP ya duara huongezeka au hupungua, na neva hubadili mwenendo wake.

Mwaka 1962 Sutherland mwenyewe alionyesha kuwa kafeini huchelewesha kuvunjwa kwa AMP ya duara. Baadaye ilibainika kuwa kikombe kimoja hakina kafeini ya kutosha kwa kazi hiyo. Badala yake, kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayozituliza neva tunapochoka.

Leo takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hulenga vipokezi vya ukoo huu, ikiwemo salbutamoli, ambayo mgonjwa wa pumu huivuta ili apumue.