Mwalimu Michael Cusack na Mpira wa Parokia

Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, na hasa walimu, habari za Michael Cusack. Alizaliwa mwaka 1847 katika parokia ya Carron, wilaya ya Clare, nchi ya Ayalandi, wakati wa njaa kuu, viazi vilipooza mashambani na watu wengi mno wakafa. Alipokua akawa mwalimu. Mwaka 1874 alifundisha katika chuo cha Blackrock cha Mapadre wa Roho Mtakatifu, ndugu za wale waliofika Bagamoyo mwaka 1868.

Aliona michezo ya wazee wake yapotea, ule mpira wa magongo na ule ushikwao mikononi na kupigwa kwa miguu. Basi tarehe 1 Novemba 1884, mjini Thurles, yeye na Maurice Davin na wenzao wachache wakaanzisha chama cha kuilinda. Askofu Mkuu Croke wa Cashel akakubali kuwa mlezi wake. Chama kikaenea upesi, maana kilijengwa juu ya parokia: wakulima wa mahali pamoja wakawa timu moja.

Lakini Cusack alikuwa mkali wa maneno, tena hakuangalia vema barua wala hesabu. Mwaka 1886 akaondolewa katika ukatibu, na mwaka 1906 akafa. Walakini mti alioupanda haukukauka: hata leo parokia za mashamba zina timu zao, watu 15 kila upande, wachezao bila mshahara.

Nasi twajifunza: kazi njema haifi kwa makosa ya aliyeianza. Hata hivyo, barua zijibiwe, na hesabu ziandikwe.