Beryl Markham: Binti wa Njoro Aliyevuka Atlantiki

Wanachama wenzetu na marafiki wa kikundi, tunapotimiza miaka kumi tumeona si vibaya tumkumbuke mwanamke aliyelelewa hapa hapa kwetu Njoro, jina lake likavuma dunia nzima. Huyo ni Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Alikuwa bado mdogo sana babake, Charles Clutterbuck, alipokuja Njoro kufuga farasi. Mamake hakukaa, alirudi Uingereza, binti akabaki na baba. Alikua akicheza na kuwinda na watoto wa Kinandi. Baadaye ukame ulimfilisi baba, naye akaenda zake Peru. Beryl, hata miaka ishirini hajatimiza, akabaki akijitafutia riziki kwa kufundisha farasi wa mashindano. Miaka ya 1930 akasomea urubani, akawa anabeba barua na abiria.

Tuseme ukweli: alikuwa mtoto wa walowezi, na milango iliyofunguka kwake ilikuwa imefungwa kwa nyanya zetu. Lakini bahari haimjui mkubwa wala mdogo, na huko alikwenda peke yake.

Ilikuwa jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Aliondoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja, nayo haikuwa yake. Aliazimwa na John Carbery, tajiri mmoja wa Kenya. Redio hakuwa nayo. Wengi waliovuka kabla yake walitoka Marekani kuja Ulaya, upepo ukiwasukuma kutoka nyuma. Yeye alikwenda kinyume, upepo ukimpiga usoni, usiku kucha, katika mvua na mawingu.

Ndani ya ndege yaliwekwa matangi ya ziada ya mafuta. Tangi moja likiisha, injini inazima. Hebu fikiria: giza, bahari chini, kimya! Hapo ilimbidi afungue koki ya tangi jingine kwa mkono na kungoja injini iwake tena. Si mchezo. Kilichomvusha ni kile alichokiweka kabla ya safari. Huko juu hakuna wa kukukopesha hata kibaba.

Baada ya saa 21 hivi aliona nchi kavu ya Kanada. Lakini barafu ilikuwa imezuia mafuta ya tangi la mwisho, injini ikaanza kukohoa. Akashuka Baleine, kisiwa cha Cape Breton, ndege ikazama pua kwenye tope. Alitoka na jeraha la kichwa. New York hakufika kwa ndege ile, ila alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Wamarekani walimpokea kwa shangwe.

Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha yake, lakini hakikuuzwa sana. Baadaye alirudi Kenya, akafundisha farasi na kushinda mashindano makubwa. Hata hivyo uzee ulimkuta Nairobi akiwa na hali ngumu, sifa tele na mfuko mtupu. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983 ndipo kikamletea pesa za kujikimu. Alifariki tarehe 3 Agosti 1986.

Sisi akina mama wa kikundi tunamheshimu kwa ujasiri wake, na tunajifunza pia kwa yaliyompata. Kwa safari ya usiku mmoja alijaza matangi yote. Kwa safari ya uzeeni tangi lilikuwa karibu tupu. Kila mwezi tunapokutana na kutoa mchango wetu, hata ukiwa mdogo, tunajaza tangi la siku ile injini itakapozima. Akiba haiozi. Basi mama, mwezi ujao usikose.