Thomas Fairchild, Mtunza Bustani wa Hoxton

Kila mwanafunzi wa sayansi amekwisha kusikia habari za Mendel, yule mtawa aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake akagundua kanuni za urithi. Lakini ni wachache waliopata kusikia habari za mtu aliyemtangulia kwa karibu miaka 150, mtu asiyekuwa mtawa wala mwalimu, bali muuza miche na maua. Jina lake ni Thomas Fairchild, na ua lililomletea sifa, tena likamsumbua moyo, ni jamaa ya karnesheni tunazozipanda mbele ya nyumba zetu.

Fairchild alizaliwa mwaka wa 1667 katika kijiji cha Aldbourne, jimbo la Wiltshire, Uingereza. Alipokuwa kijana wa miaka kama 15 alipelekwa London kufundishwa kazi na fundi wa nguo. Kazi ile aliimaliza, ila moyo wake haukuwa katika nguo. Mnamo mwaka wa 1690 alikwenda Hoxton, mahali palipokuwa nje kidogo ya mji, penye mashamba na bustani nyingi, akaanza kazi ya bustani aliyoifanya mpaka kufa kwake. La kuchekesha ni kwamba mwaka wa 1704 alipokewa rasmi katika chama cha mafundi wa nguo cha London, hali bidhaa zake wakati ule zilikuwa miche na mizabibu, wala si vitambaa.

Bustani yake ikapata jina. Wenye nyumba kubwa walikuja kununua, na wataalamu walikuja kutazama. Mark Catesby, mchoraji mashuhuri wa ndege na mimea ya Amerika, alimpelekea mbegu kutoka Carolina. Fairchild hakuwa msomi wa chuo kikuu, lakini alikuwa na tabia moja ambayo wasomi wengi wa siku zake walikuwa hawana: kila alipoambiwa jambo juu ya mimea, alikwenda kulijaribu kwa mikono yake mwenyewe.

Basi, jambo kubwa lililokuwa likizungumzwa siku hizo lilikuwa hili: je, mimea nayo ina kiume na kike? Wenye mitende wa Irak na Omani walikuwa wakilijua jibu tangu kale, maana walipanda juu ya mtende jike kuutia unga wa maua ya mtende dume, ili upate kuzaa. Lakini huko Ulaya habari hiyo ilikuwa bado mpya. Nehemiah Grew wa Uingereza aliiandika mwaka wa 1682, na Camerarius wa Ujerumani akaithibitisha kwa majaribio mwaka wa 1694. Watu wengi waliicheka, wengine waliona aibu hata kuitaja. Fairchild aliisikia akaanza kufikiri. Ikiwa unga wa ua, yaani chavua, ndio unaotia mimba mbegu, itakuwaje chavua ya ua la aina moja ikiangukia ua la aina nyingine?

Alichagua maua mawili ya ukoo mmoja, ukoo uitwao Dianthus. La kwanza lilikuwa karnesheni. Majani yake ni membamba, ya rangi ya kijivu, na ua lake ni kubwa lenye harufu kama ya karafuu. Hata jina lake la kitaalamu, caryophyllus, ni jina la Kiyunani la karafuu, na neno letu la karafuu, lililotujia kwa Waarabu, ni ndugu yake. La pili lilikuwa lile ambalo Waingereza huliita Sweet William. Hilo majani yake ni mapana na ya kijani, na maua yake ni madogo madogo, yamekusanyika kwa wingi juu ya shina moja kama shada.

Husimuliwa kwamba alitwaa unyoya, akaugusisha chavua ya Sweet William, kisha akaupitisha katikati ya ua la karnesheni. Mbegu zilipokomaa alizipanda. Mwaka wa 1717 Richard Bradley, mwandishi wa vitabu vya kilimo, aliwatangazia watu katika kitabu chake kwamba katika bustani ya Fairchild kuna mmea ambao si karnesheni wala si Sweet William, bali umefanana na wote wawili. Ndio mmea wa kwanza unaojulikana kuzaliwa kwa mkono wa mtu kutokana na aina mbili zilizo mbali.

Lakini mmea ule haukutoa mbegu. Ulikuwa mfano wa nyumbu, mnyama azaliwaye na punda dume na farasi jike, ambaye ana nguvu za kazi ila hazai. Ndiyo sababu watu waliuita Nyumbu wa Fairchild. Ukitaka kuwa nao ilikupasa kukata kipandikizi na kukichomeka udongoni, hivyo hivyo tufanyavyo sisi na karnesheni zetu: kikonyo kisicho na ua, kilichokatwa chini ya kifundo, katika mchanga usiotuama maji.

Mwanafunzi anayetaka kulijaribu jambo hili katika bustani ya kwao, hasa ikiwa kwao ni nyanda za juu zenye baridi, aweza. Achague karnesheni yenye safu moja ya petali, maana yale maua yaliyojaa petali mara nyingi hayana chavua ya kutosha. Aondoe vichwa vya chavua mapema, kabla havijapasuka, alifunike ua kwa mfuko wa karatasi, na asubiri siku chache mpaka nyuzi mbili za kike zijitokeze katikati. Hapo ndipo alete unyoya wake. Asikate tamaa mapema, maana mara nyingi ua hunyauka bila kutoa hata mbegu moja.

Nimesema kwamba ua hili lilimsumbua moyo. Siku zile Wakristo wengi wa Ulaya waliamini kwamba kila aina ya mmea na mnyama iliumbwa tangu mwanzo, wala hapana nyingine itakayoongezwa. Mtu aliyefanya mmea mpya alionekana kama ametia mkono katika kazi isiyo yake. Naye Fairchild alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka wa 1720 mmea wake ulionyeshwa mbele ya Royal Society, chama cha wataalamu ambacho rais wake alikuwa Isaac Newton mwenyewe. Mtu mwingine angejitapa. Yeye alirudi Hoxton kuendelea na kazi, wala hakufanya biashara kubwa ya kuchanganya maua.

Mwaka wa 1722 alitoa kitabu kidogo kwa ajili ya watu wa mjini. London ilijaa moshi wa makaa ya mawe, na mimea mingi ilikufa. Fairchild alizunguka katika vichochoro akitazama nini kimestahimili, akakuta mitini na mizabibu ikizaa matunda mahali ambapo hapana aliyetazamia. Aliwaeleza watu wenye ua mdogo tu, au kibaraza tu, wapande nini. Mimi naona kitabu hiki kina faida kubwa kuliko sifa zake, kwa sababu kilimjali mtu asiye na shamba. Miaka miwili baadaye alipeleka Royal Society majaribio yake juu ya utomvu wa miti, jinsi unavyokwenda juu na chini, aliyoyafanya kwa kuunganisha tawi la mti mmoja na shina la mwingine.

Alikufa tarehe 10 Oktoba, 1729. Katika wasia wake aliomba azikwe katika pembe ya makaburi ya kanisa la St Leonard, Shoreditch, palipozikwa maskini. Kisha aliacha pauni 25, faida yake ilipwe kila mwaka kwa mhubiri atakayehubiri Jumanne ya juma la Pentekoste juu ya maajabu ya Mungu katika uumbaji, au juu ya ufufuo wa wafu kama unavyoonekana katika mabadiliko ya mimea na wanyama.

Wako wanaosema kwamba fedha hizo zilikuwa kama kafara, kwa kuwa alijiona amekosa. Mimi sikubali. Mtu anayejuta humwomba mhubiri aseme habari za dhambi. Huyu alitaka zisemwe habari za mimea, tena kila mwaka, hata baada ya yeye mwenyewe kusahauliwa.

Hubiri la kwanza lilitolewa mwaka wa 1730, na desturi hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 200. Na huko Oxford, katika hazina ya mimea iliyokaushwa ya chuo kikuu, tawi moja la Nyumbu wa Fairchild lingali limehifadhiwa juu ya karatasi.