Florence Nightingale: taa yake tunaijua, darasa lake je?

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, manesi wanawasha mishumaa na kula kiapo, na jina la Florence Nightingale linatajwa weee. Na mimi niliwasha mshumaa huo nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi. Lakini ukiniuliza siku ile huyu mama alifanya nini, ningekujibu alibeba taa. Basi. Leo naomba niwape stori yake, hasa upande ambao mimi sikufundishwa.

Alizaliwa Mei 12, 1820 katika mji wa Florence, Italia, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye hela zao. Baba ndiye aliyemfundisha nyumbani, lugha, historia, falsafa, na hesabu akazipenda sana. Aliposema anataka kuwa nesi nyumbani kulichafuka, maana enzi hizo unesi Uingereza ulionekana kazi ya wanawake maskini na walevi. Alisubiri miaka kibao. Mwaka 1851 ndipo alipoenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kwa miezi mitatu.

Oktoba 1854 akapelekwa na wauguzi 38 kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza kule Scutari, Uturuki, wakati wa vita ya Crimea. Jamani, ile haikuwa hospitali. Mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba chini ya jengo, chawa kila kona, askari wanakufa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Februari 1855 karibu asilimia 42 ya waliolazwa walikufa. Mwezi Machi ikaja tume ya usafi kutoka London, ikazibua mifereji na kupitisha hewa, na vifo vikashuka sana. Ile taa yenyewe ilikuwa taa ya Kituruki ya kukunja, inaitwa fanoos. Ndiyo, ni fanusi hii hii ya Kiswahili!

Sasa sikilizeni hapa. Akiwa kule aliamini askari wanakufa kwa chakula kibovu na uchovu. Aliporudi mwaka 1856 akakaa na mtaalamu wa takwimu William Farr, wakapiga hesabu upya, akaona kwamba uchafu wa jengo ndio ulioua wengi. Wengine tungeficha. Yeye alichora mchoro wa duara wenye rangi, ili hata mkubwa asiyependa namba aone kwa macho. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingia Chama cha Takwimu cha London.

Wananchi walikuwa wamemchangia fedha, hata askari walitoa, zikafika kama pauni 45,000. Kwa hela hizo likafunguliwa darasa la manesi hospitali ya St Thomas', London, Julai 1860, wanafunzi 15, mwaka mmoja wa mafunzo. Njia za kufundishia zilikuwa kama tatu. Ya kwanza ni mihadhara ya madaktari. Ya pili ni wodini, mwanafunzi anafunga vidonda, anageuza wagonjwa na kutandika vitanda huku sista anamwangalia, halafu kila mwezi anawekewa alama za kazi na za tabia. Ya tatu ni daftari, unaandika ulichokiona kwa mgonjwa na linakaguliwa.

Kwenye karatasi ilipendeza. Florence mwenyewe alikuwa mgonjwa nyumbani, hakusimama darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alipochunguza, akakuta mambo ovyo: daktari aliyekabidhiwa kufundisha na kukagua alikuwa mlevi na vipindi havifanyi, na wanafunzi wanatumiwa na hospitali kama vibarua wa bei poa. Akambadilisha daktari. Akaleta sista wa bwenini wa kuwarudisha wanafunzi kwenye walichosikia darasani. Tangu 1872 aliwaandikia barua ndefu za kusomwa mbele yao, na akaanza kuwaita nyumbani kwake mmoja mmoja, chai mezani, anawauliza waliona nini wodini na anaandika majibu.

Kwa hiyo ukilinganisha, mhadhara ulitoa maarifa ila haukujua nani ameelewa. Wodi ilitoa mkono mwepesi ila bila msimamizi iligeuka utumwa. Maswali ana kwa ana ndiyo yaliyounganisha viwili hivyo.

Kwa nini yananigusa? Chuoni kwetu mwalimu alikuwa anasoma, sisi tunaandika, mtihani ukija tunameza madesa. Sababu za vidonda vya mgongo nilizikariri zote. Siku ya kwanza fildi nikapangiwa bibi mmoja aliyepooza. Nikamsalimia shikamoo, nikampima joto, nikaandika, nikakaa. Sista alipokuja akamgeuza, ngozi ya kiunoni imeshaanza kuiva. Akaniuliza taratibu, mwanangu, toka asubuhi umemgeuza mara ngapi? Sikuwa na jibu. Florence aliandika kwenye kitabu chake cha uuguzi kwamba kidonda cha namna hiyo mara nyingi ni kosa la uuguzi, sio la ugonjwa. Swali moja la yule sista lilinifundisha kuliko muhula mzima.

Sio kwamba huyu mama hakukosea. Alipinga manesi kusajiliwa kwa mitihani, akisema karatasi haipimi moyo wa mtu. Wenzake walimjibu kwamba bila usajili mgonjwa atajuaje nani nesi na nani tapeli? Hapo naona wenzake walikuwa sahihi, na sheria ya usajili ikapita Uingereza mwaka 1919, yeye akiwa ameshafariki, Agosti 13, 1910, na miaka 90.

Haya, nyie mliopo vyuoni, mwalimu wenu anasoma tu au anauliza? Na walimu mkipita hapa, darasa la watu mia mnawauliza vipi mmoja mmoja? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.