Dkt. Cicely Williams, daktari aliyewauliza akina mama jina la ugonjwa

Mama, huenda umewahi kumwona mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na miguu minene, watu wakamsifu kuwa ana afya. Ukimtazama vizuri unaona nywele zimebadilika rangi na zinanyonyoka kirahisi, ngozi inabanduka, hataki kula wala kucheza. Mtoto huyo hajanenepa, amevimba. Ana kwashakoo, ugonjwa ambao pia huitwa unyafuzi. Aliyeufanya ujulikane kwa madaktari wa dunia nzima ni mwanamke, Dkt. Cicely Williams.

Alizaliwa Jamaica mwaka 1893. Alisomea udaktari Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Oxford na kisha London, na akahitimu mwaka 1923. Mwaka 1929 alipelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, kuhudumia akina mama na watoto.

Jina alilopewa na wenyeji

Mjini Accra aliona watoto wengi wa kati ya mwaka mmoja na minne wakivimba miguu na kufa. Madaktari wenzake walisema ni pelagra, ugonjwa mwingine wa lishe. Yeye hakukubali. Aliwachunguza wagonjwa, akafanya uchunguzi wa maiti mwenyewe, kisha akawauliza wenyeji wao wanauitaje. Waga wa Accra walikuwa na jina tayari: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mdogo wake.

Jina hilo lilimwonyesha chanzo. Mama akipata mtoto mwingine, mkubwa huachishwa ziwa na kubaki na chakula cha mahindi karibu peke yake. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati vya kuujenga. Aliandika hayo katika jarida la kitabibu mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina lenyewe la Kiga. Wakubwa wa taaluma waliendelea kumpinga kwa miaka. Hadi mwaka 1952 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na chakula yalitoa ripoti nzima juu ya kwashakoo barani Afrika.

Hapa kwetu Tanzania, mtoto wa namna hii mara nyingi husemwa amebemendwa, kwamba wazazi wamekutana kimwili au mama amebeba mimba wakati mtoto bado ananyonya. Mama huona aibu, humficha mtoto ndani, na siku zinapita. Katika kazi yangu ya kutembelea nyumba, aibu hii ndiyo inayowachelewesha wengi. Wazee wetu waliona sawa kwamba mimba ya pili huja na hatari kwa mtoto wa kwanza. Lakini kinachomuumiza si tendo la wazazi, ni kukatiwa ziwa ghafla na kubaki na uji mtupu.

Maziwa ya kopo na kambi ya wafungwa

Mwaka 1936 alihamishiwa Malaya. Huko alikuta akina mama wakishawishiwa kuacha kunyonyesha na kuwapa watoto maziwa matamu ya kopo. Watoto walikufa kwa kuhara na utapiamlo. Mwaka 1939, mbele ya wafanyabiashara wa Singapore, alitoa hotuba ambayo kichwa chake kiliweka maziwa na mauaji pamoja, akisema wazi kwamba matangazo hayo yanaua.

Vita ya Pili ya Dunia ilipofika, Wajapani walimfunga hadi mwaka 1945. Aliugua beriberi, na ganzi ya miguu haikumwacha tena. Kambini walizaliwa watoto 20. Wote 20 walinyonyeshwa, na wote wakaishi.

Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 98.

Chakula na kinga ya mwili

Watafiti waliofuata walieleza kwa nini watoto hawa hufa haraka. Kinga ya mwili ni kama askari, na askari hujengwa kwa chakula. Mtoto mwenye utapiamlo huugua surua, kuhara au nimonia, ugonjwa humnyima hamu ya kula, na kinga hushuka zaidi. Mtoto aliyedhoofu sana anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote, kwa sababu mwili umeshindwa hata kupandisha joto. Kwa hiyo usisubiri achemke ndipo umpeleke hospitali.

Unachoweza kufanya

- Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Maziwa hayo yana kinga ambayo kopo halina.
- Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Ukipata mimba, usimkatie ziwa ghafla. Zungumza kwanza na mhudumu wa afya.
- Kuanzia miezi 6, changanya uji au ugali na maharage, dagaa, yai, karanga, mboga za majani na matunda, kadiri unavyopata.
- Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Usimlazimishe kula nyama na mayai mengi kwa mkupuo. Mtoto aliyevimba huanzishiwa chakula maalumu kidogo kidogo, chini ya uangalizi.

Ukifika kituoni, tueleze kila kitu: anakula nini, aliacha ziwa lini, nyumbani mnauitaje ugonjwa wake. Hakuna wa kukucheka. Majibu yako yanatusaidia kumtibu.