Mwalimu Nyerere alipoomba kura za Bagamoyo

Msimu wa kuchagua wajumbe wa kamati za shule ukifika, simu zinazotufikia studioni hufanana. Mzazi mmoja anauliza kama mtu asiyejua kusoma anaweza kuingia kwenye kamati. Mwingine analalamika kwamba wajumbe ni walewale miaka nenda rudi. Safari hii mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituuliza swali zito zaidi: akitaka kugombea udiwani, je, ni lazima aache chaki? Kwa upande wa sheria tumemwelekeza aulize ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Lakini swali lake lilitukumbusha mwalimu mwingine, ambaye mwaka 1955 alilazimishwa kuchagua kati ya darasa na siasa, na miaka mitatu baadaye akaja kuomba kura katika jimbo ambalo Bagamoyo ilikuwa ndani yake.

Kila mtu anamjua Julius Kambarage Nyerere kama Rais. Picha yake ilikaa ukutani kila ofisi. Sisi tunataka kumzungumzia Nyerere mgombea, yule ambaye angeweza kushindwa.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Shule aliianza akiwa na umri wa miaka 12 hivi, pale Mwisenge, kisha akaenda Tabora, halafu Makerere huko Uganda alikosomea ualimu. Alifundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, na mwaka huohuo alikuwa anafundisha shule ya wamisionari ya St. Francis, Pugu.

Pugu kwa leo ni kama mtaa wa Dar es Salaam. Wakati ule ilikuwa mbali, mwendo wa kilomita ishirini hivi mpaka Kariakoo. Mwalimu alimaliza vipindi vyake, akateremka mjini mwisho wa juma kukutana na wenzake wa chama cha TAA, mara nyingi kwa miguu. Aprili 1953 walimchagua kuwa rais wa chama hicho. Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 walikutana wakaigeuza TAA kuwa TANU. Miongoni mwao walikuwemo Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, John Rupia, Dossa Aziz ambaye wazee wa Mlandizi wanamkumbuka vizuri, na mtu wa Morogoro aitwaye Patrick Kunambi. Jina hilo la mwisho mlishike, tutalirudia.

Machi 1955 TANU ilimpeleka New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Aliporudi, wakuu wa shule walimweleza kuwa hawezi kuendelea na yote mawili. Aliacha kazi mwezi huohuo. Tukumbuke alikuwa na mke na watoto wadogo, na mshahara wa mwalimu ndio uliokuwa unalisha nyumba. Alirudi Butiama kwa miezi kadhaa, akapata fedha kidogo kwa kumfundisha Kizanaki padri mmoja wa Kimarekani. Baadaye familia ilihamia Magomeni, Dar es Salaam, na Mama Maria akafungua duka dogo kusaidia matumizi. Wanaodhani siasa siku zote ilikuwa njia ya kutajirika wangeshangaa kuona maisha ya nyumba ile.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza wananchi wa Tanganyika wangechagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Nusu ya kwanza ya majimbo ingepiga kura Septemba 1958, nusu ya pili Februari 1959. Habari nzuri, ila masharti yake yalikuwa machungu. Ili upige kura ulitakiwa uwe na miaka 21 na zaidi, halafu uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umesoma hadi darasa la 8, au uwe na cheo fulani kinachotambuliwa, kama uchifu. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000. Mkulima wa minazi wa Saadani au mvuvi wa Mlingotini angezitoa wapi?

Kwa watu wetu wa pwani sharti la elimu liliuma kwa namna ya pekee. Hapa kulikuwa na wazee waliosoma chuoni kwa miaka, wanaosoma Kurani na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, wanaosimamia mirathi na kusuluhisha ndoa. Elimu hiyo haikuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni darasa la shule ya serikali au ya misheni, na shule hizo zilikuwa chache. Ndiyo maana tangu mwaka 1955 hivi wazazi walikuwa wameanzisha chama chao, TAPA, kilichofungua shule kwa michango yao wenyewe. Kamati za shule za siku zile hazikuwa za kujadili ripoti ya mkaguzi. Zilikuwa za kutafuta miti ya kujengea na kumlipa mwalimu.

Sharti la tatu ndilo lililotaka kukivunja chama. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Kila mpiga kura alilazimika kuwapigia wote watatu, la sivyo kura yake iliharibika. Hiyo ndiyo iliitwa kura tatu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia na Wazungu walikuwa wachache sana, na bado viti viligawanywa sawasawa. Wana TANU wengi waliona ni tusi na wakataka kususia.

Januari 1958 chama kilikutana Tabora kulijadili jambo hilo. Nyerere alikwenda kinyume na wengi waliomshangilia. Hoja yake ilikuwa kwamba wakisusia, viti vyote vitakwenda kwa UTP, chama kilichoungwa mkono na Gavana Twining, na TANU itabaki nje ikipiga kelele. Bora waingie katika uchaguzi huo mbaya, wawaunge mkono Waasia na Wazungu wanaokubaliana nao, washinde, kisha waubadilishe kutoka ndani. Hoja ilipita, lakini chama kililipa gharama. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake cha ANC.

Tukikaa leo tunaona Nyerere alikuwa sahihi, kwa sababu tunajua mwisho wa hadithi. Wakati ule hakuna aliyejua. Kama wagombea wa TANU wangeshindwa, angekuwa ndiye aliyewaingiza wenzake mtegoni.

Yeye mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki. Lilikuwa jimbo kubwa mno, likiwa na Bagamoyo, Kisarawe, Rufiji na Mafia upande wa pwani, na Morogoro, Kilosa na Ulanga upande wa bara. Mzanaki kutoka ziwani, tena Mkatoliki, anaomba kura kwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waluguru. Na mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, yuleyule wa Julai 1954, mtu wa Morogoro anayejulikana kwao. Kwa hesabu ya ukabila, Kunambi ndiye alikuwa mtoto wa nyumbani.

Kwa upande wa pwani, Nyerere alikuwa na watu wa kumshika mkono. Hapa Bagamoyo Sheikh Mohamed Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria, alisimama na TANU, na watu waliokuja kwenye maulidi yake kutoka mbali waliondoka na habari za chama pia. Dossa Aziz alikuwa ametoa gari lake litumike kwa kazi za chama. Bibi Titi Mohamed alikuwa ameshawaingiza akina mama kwa maelfu, ingawa wengi wao hawakuwa na sifa za kupiga kura. Tunaona ni vyema kulisema hili wazi: watu wengi waliomfanyia kampeni Nyerere mwaka ule hawakuruhusiwa kumpigia kura.

Halafu, katikati ya kampeni, alikuwa mahakamani. Gazeti la chama, Sauti ya TANU, lilikuwa limechapisha makala yake iliyowalaumu mabwana shauri wawili, akashtakiwa kwa kuwakashifu. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam kuanzia Julai, na hukumu ikatoka Agosti 11: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Angeweza kuchagua jela ili awe shujaa, na wapo waliotarajia hivyo. Alilipa, kwa michango ya wananchi. Mtu anaweza kutabasamu akiona kwamba faini ile ilikuwa sawasawa kabisa na kipato cha mwaka mzima kilichomruhusu mtu kupiga kura.

Septemba watu walipiga kura. Nyerere alipata kura zaidi kidogo ya 2,600, Kunambi kama 800. Kwa macho ya leo ni kura za kata moja. Lakini nchi nzima walioandikishwa kwa awamu zote mbili walikuwa takriban 60,000 tu. Wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nao, kama Sophia Mustafa na Derek Bryceson kule Kaskazini, walishinda. UTP haikupata kitu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulilegeza masharti, TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961. Novemba 1962 Nyerere aligombea urais dhidi ya Mtemvu, yule aliyemkimbia kwa sababu ya kura tatu, na safari hii kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Alipata kura 1,127,978, Mtemvu 21,276. Miaka minne ilikuwa imepita tangu zile kura 2,600.

Kuna upande mwingine ambao hatutaruka. Mtu aliyeingia kwa kushindana baadaye aliongoza nchi ambayo haikuruhusu kushindana naye. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, na karatasi ya urais ikawa ya ndiyo au hapana. Kwa ubunge waliachwa wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na hapo wananchi waliutumia vizuri uhuru waliobakiwa nao: waliwaangusha vigogo, akiwemo Waziri wa Fedha Paul Bomani, na hata Bibi Titi kule Rufiji.

Ualimu haukumtoka. Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, iliyoleta mashamba ya shule ambayo wengi wetu tuliwasikia wazazi wetu wakiyasimulia, wengine kwa furaha, wengine wakikumbuka malengelenge. Miaka ya 1970 ada ya shule za msingi ilifutwa na kila kijiji kikahimizwa kuwa na shule. Sheria ya Elimu ya 1978 ikazitambua rasmi kamati za shule ambazo leo tunapigiwa simu kuzihusu.

Aliondoka madarakani Novemba 1985 na kumwachia Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure hapa mkoani Pwani, naye mwalimu kwa kazi yake ya kwanza. Miaka michache baadaye Nyerere alikuwa mstari wa mbele kukishawishi chama chake kikubali vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Nyumba ya Magomeni aliyoishi wakati wa kampeni za 1958 sasa ni makumbusho, na mtu wa Bagamoyo akipanda basi asubuhi anaweza kuiona na kurudi kabla ya magharibi.